Jicho la Baba Mkwe

Jumapili, 1 Juni 2025

Msimu umefunguliwa. Mimi Alexander Karugendo, mwalimu mkuu mstaafu na mkulima wa kahawa hapa Nshamba, nimenunua daftari jipya, na kama kila mwaka nitaandika mavuno tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Mke wangu Immakulata anasema madaftari yangu hakuna atakayeyasoma. Shauri yao.

Mwaka huu mibuni imebeba mpaka matawi yanainama. Niseme wazi: Nshamba hii hakuna kibanja kinachotoa kahawa safi kuliko changu, na jirani yangu Kahangwa akiyasoma haya, na ayasome. Watu wa mikoa mingine husema sisi Wahaya tunajisikia. Sasa mtu mwenye cha kujisikia afanyeje? Ajifiche?

Cha pili ninachojivunia ni macho. Nina miaka sitini na saba na sijavaa miwani hata siku moja. Nikisimama mlangoni naona ni mchumaji gani kaingiza kahawa mbichi kikapuni. Nyekundu tupu, ndiyo sheria yangu. Kesho kutwa tunaanza.

Jumanne, 3 Juni

Tumeanza. Wachumaji wanane, vikapu kumi na tisa, mbichi hakuna. Kichwa kimeniuma juu ya jicho la kulia tangu saa nne. Jua la kiangazi.

Alhamisi, 5 Juni

Mkamwana amefika kwa basi la Bukoba. Yuko likizo ya mwezi mmoja, anasema amekuja kutusaidia mavuno. Hakuna aliyemwita.

Anaitwa Nuriat. Ni mke wa mwanangu Mugisha, ambaye yuko Kigoma kwenye ujenzi wa barabara. Wameoana miaka mitano sasa. Ni Mwislamu wa Bakoba, pale Bukoba mjini, na ndoa walifunga bomani, mbele ya bendera na picha ya ukutani, bila padri. Nadhani nimeandika vya kutosha kuhusu hilo katika daftari la mwaka ule.

Siku ya kwanza alipoletwa hapa alisimama mbele yangu, akanitazama usoni moja kwa moja kama mkaguzi wa shule. Nikamwambia mbele ya wageni wote: "Binti, kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe machoni." Baba yangu alitulea hivyo, na mimi sikuona sababu ya kubadilisha. Tangu siku ile hajarudia. Husalimia kwa magoti, uso chini: "Shikamoo, baba." Nami naitika marahaba, kila mtu anaendelea na kazi yake. Leo amefanya hivyo hivyo, huku kichwa kikinigonga.

Kazi yake ni uuguzi wa macho, hospitalini Bukoba. Kutwa kucha anawamulika watu kwa tochi. Kazi ni kazi.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Nuriat amepika pilau. Nimekula sahani mbili, sikumwambia mtu kwamba ilikuwa nzuri.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi Kahangwa alikuja mpakani kunisalimia, nikawaona Kahangwa wawili. Mmoja ananitosha kabisa. Wamesimama bega kwa bega, wote wamevaa lile koti la marehemu baba yake, wote wananiuliza kama kahawa yangu imeota ukungu. Nikafumba jicho la kulia, akabaki mmoja. Nikalifumbua, wakarudi.

Mchana vikapu navyo viwili viwili. Nimehesabu kwa kushika kwa mkono.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda sokoni nikanunua miwani. Naandika hili kwa aibu. Muuza miwani alinipa ya kusomea, nikaona herufi mbili kubwa badala ya herufi mbili ndogo. Nimeificha chini ya godoro.

Jumatatu, 16 Juni

Mvua! Katikati ya Juni! Kahawa yote iko juani kwenye majamvi, na wingu limetoka upande wa ziwa bila hodi. Immakulata alipiga kelele, Nuriat akatoka jikoni anakimbia na turubai mabegani. Nami nikatoka barazani mbio, nikakanyaga ngazi ambayo haikuwepo. Ziko ngazi tatu, mimi nikaona zaidi. Nimeanguka kifudifudi kama gunia.

Kahawa imepona, kasoro jamvi moja. Nimewaambia niliteleza kwenye tope. Immakulata akaniambia tope lenyewe lilikuwa bado halijawa tope, mvua ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mwanamke huyu angefaa polisi.

Nitasema na jambo jingine kwa kuwa daftari ni langu. Turubai lile ni zito, wanaume wawili hulilalamikia. Nuriat alilibeba peke yake.

Ijumaa, 20 Juni

Leo nimedhalilika. Tulikuwa kwenye ghala la chama cha ushirika, nasimamia kahawa ya wanachama kama mjumbe wa ubora. Kahangwa akapaza sauti mbele ya watu wote: "Mwalimu, mbona unanikonyeza? Mimi nina mke!"

Wakacheka mpaka mpima mizani akakaa chini. Nikadhani ni utani wake wa kila siku. Nilipofika nyumbani nikajitazama kwenye kioo. Kope la kulia limeshuka nusu jicho. Nimelipandisha kwa kidole, likateremka. Nimelikemea, ndiyo, nimelikemea kwa sauti, likateremka.

Kuanzia leo navaa kofia ya pama, nimeivuta mpaka nyusi.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda misani. Maumivu yako nyuma ya jicho, ndani kabisa, kama mtu anasukuma kwa dole gumba. Immakulata amenivua kofia bila kuniomba ruhusa, akatazama. Halafu akasema, "Mficha maradhi kilio humuumbua."

Nikamwambia ni vumbi la kahawa.

"Miaka arobaini unaanika kahawa, vumbi limekujua leo? Baba Mugisha, humu ndani tunaye muuguzi wa macho. Nimwite."

Nikamwambia haiwezekani. Mkamwana anikodolee macho, uso kwa uso, anishike kope kwa vidole? Hata kama mimi ningekubali, marehemu baba angetoka kaburini. Immakulata akanunua dawa ya matone dukani. Inawasha, basi.

Jumatano, 25 Juni

Nimepona! Kope limefunga kabisa, na vitu vimerudi kuwa kimoja kimoja. Kikapu ni kikapu, Kahangwa ni Kahangwa. Nimechagua kahawa kutwa nzima kwa jicho la kushoto, sikukosea punje. Mzee wa jicho moja anayewashinda vijana wa macho mawili. Nilijua ni jambo la kupita.

Kichwa bado.

Ijumaa, 27 Juni

Lazima niandike mazungumzo ya leo kama yalivyokuwa.

Tulikuwa watatu barazani. Mimi kwenye kiti, Nuriat mkekani anachambua maharage, uso ameuelekeza kwenye ungo, Immakulata katikati yetu. Hatua tatu tu kutoka kwangu mpaka kwa Nuriat.

"Mama," Nuriat akasema, "naomba umuulize baba kama kichwa kinamuuma upande mmoja."

"Anauliza kama kichwa kinakuuma upande mmoja," akasema Immakulata.

"Nimesikia. Mwambie kichwa ni changu."

"Anasema kichwa ni chake."

"Muulize kama alikuwa anaona vitu viwili viwili kabla kope halijafunga."

Hapo nilishtuka. Sikuwa nimemwambia mtu. Nikamuuliza Immakulata huyu amejuaje, naye akaniambia nimuulize mwenyewe. Nuriat akajibu hivyo hivyo, akitazama maharage: "Mama, siku ya mvua nilimwona akikanyaga hewa."

Akauliza kama nina sukari. Nikajibu kupitia kwa Immakulata kwamba nilipimwa Januari, sina. Mikono ya Nuriat ikasimama juu ya ungo.

"Mama, naomba uinue lile kope utazame mboni, kile kiduara cheusi kabisa cha katikati. Ni kidogo kama cha jicho la pili, au kimekuwa kikubwa?"

Immakulata akainua kope langu kwa dole gumba lenye chumvi. Akatazama. "Ni jeusi tu, mwanangu. Jicho lote ni jeusi. Sioni mwisho wa kimoja na mwanzo wa kingine."

"Kwa macho yetu haya meusi, bila tochi huwezi kuona," akasema Nuriat. "Naomba nitazame mimi."

Hilo hakumwambia Immakulata. Aliniambia mimi, ingawa uso ulikuwa bado chini. Nikainuka, nikachukua fimbo, nikaenda zangu kibanjani. Nyuma yangu nikasikia Immakulata akimwita mama yake kwa Kihaya: "Mawe! Mwanaume huyu!"

Jumapili, 29 Juni. Hospitalini, Bukoba

Jana sikuandika. Leo ninaandika nikiwa kitandani, kwa jicho moja, na nesi ameniambia dakika kumi tu. Atanisamehe.

Jana asubuhi nilikuwa nimeketi kwenye kigoda, nachagua kahawa kwenye jamvi. Nuriat akaja, akapiga magoti. "Shikamoo, baba." Marahaba. Nikangoja aondoke, hakuondoka.

"Baba, nisamehe," akasema. "Leo nitakutazama."

Akainua uso.

Kwa miaka mitano sikuwa nimeuona uso wa mkamwana wangu kwa karibu. Ana kovu dogo kwenye kidevu. Macho hayakupepesa. Nilitaka kupiga kelele, nikaona Immakulata amesimama nyuma yangu, kanishika mabega yote mawili kama mtoto anayenyolewa. Walikuwa wamepanga.

Nuriat akanivua kofia. Akainua kope, akawasha tochi ya kazini kwake. Akamulika jicho la kushoto, akarudi la kulia, kushoto, kulia. Akaniambia nifuate kidole chake, jicho la kulia halikufuata. Halafu akazima tochi, akakaa chini pale pale kwenye maganda ya kahawa.

"Mboni imepanuka, haibani kabisa," akasema. "Wiki tatu nimekaa nyumba hii, baba. Wiki tatu nimetazama viatu vyako. Ungekuwa mgonjwa wa benchi kule kwetu ningeliona siku ya kwanza."

Nikavitazama viatu vyenyewe.

Akanieleza. Ni mwalimu mzuri, hakuruka hatua. Kuna neva moja nyuma ya jicho inayoinua kope, inayogeuza jicho na inayobana mboni. Sukari ikiiumiza neva hiyo, kope linaanguka lakini mboni mara nyingi inabaki salama. Mboni ikifunguka namna hii, na kichwa kinauma, basi lazima tuogope kwamba kuna mshipa wa damu kichwani umevimba na unaikandamiza neva ile. "Jicho lako halina ugonjwa, baba. Jicho linatoa taarifa. Ugonjwa uko ndani."

"Ukivimba zaidi?"

"Unapasuka. Wengi hawafiki hospitali."

Nikatazama kahawa yangu. Nusu bado iko mitini. Nikamwambia vizuri kabisa, kwa sauti ya ofisini, kwamba nimemsikia, namshukuru, nipeni wiki mbili nimalize mavuno, halafu nitakwenda.

Binti akasimama. Hakuwa na magoti tena wala uso chini. "Baba, hakuna wiki mbili! Hata kesho siijui! Unataka tukuzike humo humo katikati ya mibuni yako, halafu nimwambie Mugisha nini? Kwamba nilijua, lakini desturi ilinikataza?" Akalia mbele yangu, hakujifunika.

Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kunifokea kwenye kibanja changu, hata mkaguzi wa elimu. Na nitaandika ukweli: nilikasirika kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, halafu nikaogopa. Nikaogopa sana. Nikaona kwamba mtoto huyu hanifokei mimi, anakifokea kifo kilichosimama nyuma yangu, na mimi ndiye ninayemziba asikione.

Nikasema, "Haya. Twende."

Immakulata tayari alikuwa na mfuko mkononi. Kahangwa akaleta pikapu yake mwenyewe, bila kuitwa mara mbili. Nuriat alimkataza kukimbiza gari kwenye makorongo, na Kahangwa, ambaye hajawahi kumtii mtu, aliendesha kama amebeba mayai mpaka Bukoba.

Hapa hospitalini daktari ni kijana mwembamba, Daktari Avit. Alisoma barua aliyoiandika Nuriat garini huku akinihoji: siku kope liliposhuka, siku vitu vilipoanza kuwa viwili, ukubwa wa mboni zote mbili kwa milimita. Akaisoma mara mbili. Akauliza, "Nani ameandika hii?"

"Mkamwana wangu," nikasema.

Nadhani nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwa sababu wodi nzima iligeuka.

Jumatatu, 30 Juni

Kesho alfajiri tunapelekwa Mwanza kwenye mashine ya kupiga picha ya mishipa. Leo saa za kuona wagonjwa aliingia mzee mmoja mfupi, kanzu safi, ameshika chupa ya chai na mkate wa kumimina kwenye kitambaa. Akanisalimia kwa Kihaya kizuri kuliko cha wanangu. Nikadhani amekosea kitanda.

"Mimi Haidari," akasema. "Baba yake Nuriat."

Miaka mitano. Kutoka kwangu hadi Bakoba ni safari ya asubuhi, na sijawahi kukanyaga mlangoni kwake. Mugisha alipotaka kuoa nilimwambia aende mwenyewe, mimi sina mguu wa kwenda huko. Sikutuma hata ndugu. Kijana alikwenda peke yake kama yatima, na baba yake yu hai.

Haidari hakusema lolote kuhusu hayo. Alinimiminia chai, akanikatia mkate, akaniuliza kahawa mwaka huu inaendeleaje. Kumbe hata yeye ana mibuni sita nyuma ya nyumba. Tukazungumza kahawa mpaka kengele ikalia. Alipoondoka niligeukia ukutani, na Immakulata akanifunika shuka.

Jumatano, 2 Julai. Mwanza

Umeonekana. Mshipa umevimba mahali pamoja, pale pale Nuriat aliposema, milimita nane. Nilimwomba daktari anionyeshe kwenye picha. Nikamwambia, hiyo ni buni. Imening'inia kwenye tawi lake kabisa.

Daktari akasema haijapasuka, na kwamba wanaokuja kabla haijapasuka ni wachache. Kesho tunapanda ndege kwenda Dar es Salaam. Watafungua fuvu waibane shingo yake kwa kibanio cha chuma.

Nuriat likizo yake imebaki siku tatu. Amepiga simu kazini kuomba iongezwe, nilimsikia nje ya dirisha akisema, "Ni baba yangu." Hakusema baba mkwe.

Jumatatu, 7 Julai. Dar es Salaam

Kesho ni upasuaji. Mugisha amefika kutoka Kigoma, amekonda kwa vumbi la barabara. Amekaa na mimi mchana kutwa. Nimemwambia kahawa iliyobaki aiulize kwa Kahangwa, maana Kahangwa ameapa kuisimamia. Nimemwambia na pa kunizika. Akaniambia, "Baba, acha," kwa sauti niliyoizoea akiwa na miaka sita.

Jioni walipotoka kwenda kula nikabaki na Nuriat. Nikamwomba akae kwenye kiti, si chini. Nikamwomba anitazame. Ilimchukua muda.

Nikamuuliza, "Ulinichukia?"

Wengine wangesema hapana, baba, ningeanzaje. Yeye akafikiri. "Mwaka wa kwanza, ndiyo," akasema. "Nilikuwa nafika Nshamba nasalimia viatu, narudi Bakoba nalia. Mwaka wa pili nilizoea. Halafu mama akaniambia kwamba barua yangu ya kwanza ya ajira, ile aliyokuonyesha Mugisha, uliisoma mara tatu, ukairudisha ukisema mwandiko wa katibu ni mbaya. Nikajua angalau uliisoma."

Nilicheka mpaka kichwa kikauma. Ni kweli, mwandiko wa sahihi ile ulikuwa mbaya sana.

Halafu nikamwambia ninaogopa. Sijawahi kumwambia mtu neno hilo, hata Immakulata. Nuriat akanishika mkono. "Hata mimi ninaogopa, baba," akasema. "Lakini tumewahi. Kama tusingewahi ningekuambia."

Ninamwamini, kwa sababu hajawahi kuniambia uongo hata pale nilipokuwa nautaka.

Jumanne, 8 Julai

Ninaandika mimi Immakulata. Ameingia saa mbili asubuhi. Ametoka saa tisa. Anapumua mwenyewe. Nimesali rozari nne, Nuriat naye ameswali kila kipindi kwenye kona ya baraza, Mugisha amezunguka mti. Saa kumi na moja amefungua jicho la kushoto, akauliza kama kahawa imeanuliwa. Namshukuru Mungu. Mtu wangu ni yule yule.

Jumamosi, 19 Julai

Mwandiko huu ni wangu ingawa haufanani. Kichwa kimenyolewa upande, mshono kama njia ya siafu. Kibanio kimekaa. Daktari bingwa anasema ile buni imenyauka kwenye tawi, haitapasuka tena.

Jicho bado limefungwa. Neva iliyokandamizwa hupona polepole, miezi mingi, na huenda isirudi yote. Nimemuuliza Nuriat, amesema hivyo hivyo. Nimekubali. Nilikuwa tayari kulitoa lote.

Jumapili, 10 Agosti. Nshamba

Nyumbani! Nimeshuka garini, nikasimama nikavuta harufu ya maganda. Immakulata ameninyima fimbo ya kwenda kibanjani, nimezunguka kwa macho tu. Kwa jicho tu.

Kahangwa amevuna kahawa yangu yote. Nimeikagua ghalani. Nimezamisha mkono mpaka kiwiko katika kila gunia nikitafuta kosa, na nalazimika kuandika, sikulipata. Nimemshukuru kwa heshima, kwa Kihaya, "Ta Kahangwa, wakola muno." Akaniambia nirudie, hakusikia vizuri. Alisikia.

Jumanne, 19 Agosti

Kope limeinuka. Si sana, upana wa jani la nyasi. Mwanga umeingia, na vitu vikawa viwili tena. Safari hii nimefurahi kuviona viwili. Nimempigia simu Nuriat kazini. Nikasikia anawaambia watu alio nao, "Limefunguka! La baba limefunguka!" Wagonjwa wake wakapiga makofi.

Jumamosi, 23 Agosti

Leo nimekwenda Bakoba.

Nilitaka kubeba rubisi kama inavyotakiwa mtu aendapo kuomba mke. Immakulata akanishika mkono: "Unampelekea Mwislamu pombe? Hicho kichwa walikifunga vizuri kweli?" Basi tukabeba mbuzi, mikungu mitatu ya ndizi, na kahawa ya kutafuna aliyoichemsha mwenyewe. Mugisha amekuja kutoka Kigoma. Kahangwa ndiye msemaji wetu, amevaa lile koti.

Haidari hakujua tunakuja kwa lipi. Alidhani mgonjwa anarudisha salamu. Alitukaribisha sebuleni, mkewe Maulida akaleta chai, Nuriat akaja kusaidia vikombe. Kahangwa akaanza maneno marefu ya ukoo. Nikamwambia anyamaze, haya nitayasema mwenyewe.

Nikatoka kwenye kiti nikapiga magoti. Si rahisi kwa umri huu. Kwetu anayeomba mke ndiye anayepiga magoti, na nyumba hii walikuwa wananidai magoti hayo tangu mwaka ule.

"Haidari," nikasema, "mimi ni Alexander Karugendo. Miaka mitano iliyopita mwanangu alikuja hapa peke yake, kwa sababu mimi nilijiona mkubwa kuliko mlango wako. Leo nimekuja kumwomba binti yako Nuriat aje kwangu. Unaweza kukataa. Ukikataa una haki."

Haidari akaruka kutoka kwenye kiti. "Mwalimu! Inuka, bwana, una mshono kichwani! Nuriat, mwambie baba mkwe wako ainuke!"

Nuriat alikuwa amesimama na sinia mkononi, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Hakuniambia niinuke. Alijua ninachongoja.

"Mbona ni wako siku nyingi," Haidari akasema, sauti imeshuka.

"Sikupewa. Nilimkuta nyumbani kwangu, na nilimkaribisha vibaya."

Magoti yalikuwa yanawaka moto, nami sikusogea. Haidari akaketi, akafuta uso kwa ncha ya kanzu, akamtazama mkewe, akanitazama mimi.

"Nimekupa," akasema.

Maulida akapiga vigelegele, Immakulata akampokea. Hapo nikainuka, mkono mmoja kashika Mugisha, wa pili kashika Nuriat.

Njiani tukirudi, Kahangwa akaniambia nisimlaumu, lakini kesho Nshamba nzima itajua kwamba mwalimu Karugendo amepiga magoti Bakoba. Nimemwambia aanzie kanisani, halafu chama cha ushirika, halafu sokoni, na akimruka mtu yeyote aniletee jina lake, nitakwenda kumwambia mwenyewe.